Pingamizi la Eufrazia

Tangazo lilibandikwa Jumanne kwenye ubao wa ofisi ya kata, Mugoma, wilayani Ngara, kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na ratiba ya ligi ya vijana. Eufrazia alilisoma Ijumaa, tena kwa bahati tu, akiwa anapeleka sare za shule alizoshona. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Shemeji yake Anatory, ambaye nyumba yake na ya Eufrazia zimetengwa na safu moja tu ya migomba, alikuwa amemsalimia asubuhi ile ile, akamuuliza habari za watoto, akaenda zake kama mtu asiye na neno moyoni.

Tangazo lilisema Anatory ameiomba mahakama ya mwanzo imteue kuwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake, marehemu Danstan. Chini yake liliongeza kwamba mtu yeyote mwenye pingamizi afike mahakamani tarehe ishirini na tatu ya mwezi unaofuata, saa tatu asubuhi. Marehemu Danstan alikuwa mume wa Eufrazia. Walikaa pamoja miaka ishirini na tisa, wakapata mabinti wawili, na wiki tatu za mwisho ni yeye aliyelala sakafuni hospitalini chini ya kitanda cha mgonjwa, Anatory akiwa na kazi nyingi.

Aliyasoma maneno yale mara tatu. Hakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Koleta wa kijiji cha pili alifiwa na mume mwaka juzi, shemeji yake akawa msimamizi, na kabla ya Pasaka Koleta alikuwa amesharudi kwao na masanduku mawili. Na Anatory alikuwa ameonekana mara mbili katika shamba la bondeni, lile lililo karibu na barabara, akitembea na mtu wa mjini aliyekuwa akilipima kwa hatua. Likiondoka la bondeni, la juu lenye kahawa litafuata, na baada ya hapo nyumba. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hapo hana wa kumsemea.

Sasa, Eufrazia ni fundi cherehani, lakini kabla ya hapo ni mtu wa kusoma. Aliishia darasa la saba, ila husoma kila chenye herufi: karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, maandishi ya mgongoni mwa mfuko wa mbolea, gazeti la mwaka juzi lililofungiwa chumvi. Mwenye duka wa njia panda humwogopa, kwa sababu hugeuza kila pakiti akitafuta tarehe ya kuisha. Katika jumuiya yao ya kanisani yeye ndiye katibu, na mihtasari yake huwa mirefu mpaka mwenyekiti huomba isomwe nusu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna sheria, hakuulizi inasemaje. Anakuuliza iko wapi.

Na hapo ndipo mateso yake yalipoanzia. Mtendaji wa kijiji alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Sheria iko wazi, mama Happyness," alisema. "Mjane ana haki zake."

"Imeandikwa wapi, nikaisome?"

"Iko wazi kabisa."

"Nimekusikia, mheshimiwa. Iko wapi?"

Mtendaji alichukua faili upande huu wa meza akaliweka upande ule. "Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni," alisema.

Mwenyekiti wa kitongoji naye alimwambia iko wazi. Vijana wa bodaboda pale kijiweni walimwambia iko wazi, tena mmoja akaapa kwamba mjane anapata robo, mwingine akaapa kwamba anapata yote, wakaanza kubishana wao kwa wao wakamsahau. Binti yake mkubwa, Happyness, aliyeolewa Biharamulo na ambaye wakati huo alikuwa na kichanga cha wiki mbili, alimwambia kwenye simu, "Mama, wewe tafuta tu. Andika unachotaka, kitakuja."

Kitakuja! Simu yenyewe ilikuwa ya zamani ya Happyness, kioo kimepasuka upande wa kushoto, herufi tatu za mwanzo wa kila mstari ni za kubahatisha. Eufrazia alikaa nayo mbele ya cherehani, akaandika "pingamizi". Zikaja hukumu za mahakama za juu, kila moja kurasa arobaini, za Kiingereza kilichochanganywa na lugha nyingine ambayo hata Kiingereza haikuwa. Humo alichoelewa ni majina ya watu na tarehe walizoshindwa. Akaandika "sheria ya mirathi Tanzania". Likaja faili lililomaliza nusu ya bando kwa kushuka tu, na lilipokwisha kushuka simu ikasema haiwezi kulifungua. Alisikia watu wakisema sheria zinatafsiriwa, na huenda ni kweli. Iliyomfikia yeye ilikuwa bado haijapitiwa na mtu huyo wa kutafsiri.

Siku ya pili akapata video. Wakili kijana mwenye tai nyekundu, mada "Haki za mjane katika mirathi". Eufrazia akavuta kigoda. Wakili alitumia dakika nne kuomba watu wabonyeze kengele, dakika mbili kuwashukuru waliobonyeza, dakika tatu kueleza kwamba mirathi ni jambo muhimu sana katika jamii, halafu akahitimisha kwamba kila shauri lina mazingira yake, hivyo mtazamaji atafute wakili.

"Si ndiyo nimekutafuta wewe," Eufrazia alimwambia, peke yake chumbani na cherehani yake.

Siku ya tatu moyo ulimruka. Kwenye jukwaa moja la majadiliano kulikuwa na mwanamke aliyeuliza swali lake hasa, karibu neno kwa neno: shemeji yangu anataka kusimamia mirathi ya mume wangu, nifanyeje? Majibu kumi na moja. La kwanza lilimuuliza kama marehemu hakuwa na nyumba ndogo. La pili lilimtukana. La tatu lilitangaza dawa ya nguvu za kiume. Wawili waligombana kuhusu mpira. La mwisho lilisema swali hili limeshajibiwa huko nyuma, jifunzeni kutafuta. Yote yaliandikwa miaka tisa iliyopita, na yule mwanamke hakurudi kusema mambo yake yaliishaje. Eufrazia alimwonea huruma siku nzima, akakosea mshono wa sketi mbili.

Akapata ukurasa uliosema, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba kwa Mkristo aliyeacha mila huweza kutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akausoma tena. Bado ilikuwa India. Akapata na ile programu inayojibu maswali, yenye adabu kuliko watu wote aliowauliza mwezi ule, ikamtajia kifungu cha sheria kwa namba. Alipoiuliza tena kesho yake ili ainakili vizuri, ikamtajia kifungu kingine, kwa adabu ile ile. Eufrazia aliizima simu, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akakaa siku mbili bila kuigusa. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu.

Ndipo alipofanya lile jambo. Alikuwa amechoka, amekasirika, na mtu aliyekasirika hurudi kwenye lugha ya mama yake. Aliichukua simu akaandika kwa Kihangaza, vile vile ambavyo angemuuliza shangazi yake: shamba la mume aliyekufa, nani anakaa nalo, aende wapi kushtaki. Na simu za Mugoma zina tabia yake. Ukikaa upande wa nyumba unaotazama mpaka zinashika mtandao wa ng'ambo, zinakukaribisha Burundi hata kama umekaa jikoni kwako unamenya ndizi. Watu wamezoea, hawasomi tena ule ujumbe.

Ukurasa ukafunguka, na ulikuwa unaongea. Sina namna nyingine ya kusema. Haukuwa na neno moja alilohitaji kulikisia. Shamba la ukoo uliliita itongo, kama alivyoliita marehemu baba yake. Ulisema "mu gihugu cacu", katika nchi yetu, anayeonewa katika itongo aanze kwa wazee wapatanishi wa kilima chake. Wazee wawasikilize pande zote mbili, waandike karatasi, na bila karatasi hiyo mahakama itamrudisha. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mchoro wake. Wewe msomaji umeshaelewa ukurasa ule ulikuwa wa nchi gani. Eufrazia hakuelewa, na ningekuwa mimi nisingeelewa pia, maana kila nchi hujiita nchi yetu, na huku kwetu kila mtu anaishi kwenye kilima. Kihangaza na Kirundi husikilizana bila mkalimani.

Alilia kidogo, hakuona aibu. Halafu akachukua daftari, akaunakili ukurasa wote kwa kalamu, toka kichwa cha habari mpaka anwani iliyoandikwa chini kabisa.

Mzee wa kwanza aliyempelekea lile daftari, akalipokea kwa mikono miwili, alikuwa Mzee Ndizeye. Huyu ni baba mkubwa wa marehemu Danstan na wa Anatory, mkubwa wa ukoo mzima, katekista mstaafu, mtu wa koti hata jua likiwa kali. Eufrazia alimsomea. Ndizeye alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kumbe serikali inatutambua," alisema alipofumbua.

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba mkubwa."

"Imechelewa," alisema Ndizeye. "Lakini tusiikatae."

Kuwakusanya wazee wanane na kupata karatasi yao kukachukua Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza ilimalizwa na swali la nani ni mzee na nani anakaa kilimani, kwa sababu mmoja wao nyumba yake iko ng'ambo ya kijito na wenzake hawakuwa tayari kulipuuza hilo. Tena kikao cha wazee hakianzi bila pombe ya ndizi, kwa hiyo Eufrazia akapika pombe. Jumapili ya pili walimwandikia Anatory barua ya wito, naye akajibu kwamba halitambui baraza hilo wala hajawahi kulisikia. Kwa mara ya kwanza katika mambo yote haya, Anatory alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Wazee waliona ni dharau, wakaahirisha wiki moja ili hasira zipoe, na pombe nyingine ikapikwa.

Jumapili ya tatu karatasi iliandikwa, Eufrazia akiwa ndiye mwandishi. Ilisema yeye ni mke halali wa ndoa ya kanisa, ameyalima mashamba yote mawili tangu aolewe, na hakuna mtu wa kilima hiki asiyelijua hilo. Ilikuwa nzuri, ilikuwa imejaa ukurasa mmoja vizuri bila kufutwa hata herufi. Wakati wa kusaini, Ndizeye akaikataa kalamu.

"Andika pia kwamba ukoo haujakaa kikao chochote tangu tulipoondoa matanga ya Danstan. Na kwamba mimi, mkubwa wao, sijaitwa popote."

"Baba mkubwa, hilo halihusiani na shamba."

"Linahusiana na mimi."

Kilikuwa kinyongo tu. Anatory hakuwahi kumfuata kumtaka ushauri wa jambo lolote, na mzee alikuwa akilitunza hilo moyoni kwa muda mrefu. Wenzake walimsihi, akakunja mikono ndani ya koti. Ikabidi Eufrazia ayabane maneno yale pembeni, kwa herufi ndogo ndogo, kimoyomoyo akimlaani mzee wa watu kwa kumharibia kazi. Ndipo Ndizeye akasaini.

Siku mbili kabla ya tarehe, akapanda bodaboda kwenda mahakamani kuikabidhi karatasi mapema, asije akaambiwa amechelewa. Karani aliyemkuta aliitwa Kazimili, Msukuma wa Biharamulo, kijana mtaratibu, mwenye kuamkia vizuri. Alipokea karatasi na daftari, akafungua daftari, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Mama, hii ni lugha gani?"

"Ni sheria," Eufrazia alisema.

Kazimili hakutaka kumvunjia heshima. Alimwita mlinzi, ambaye ni mzaliwa wa Ngara. Mlinzi alisoma mistari michache huku akitikisa kichwa kukubali, kwamba ni maneno mazuri, yamepangika. Halafu macho yake yakafika chini ya ukurasa, akaacha kutikisa kichwa.

"Mama yangu," alisema polepole, "hii ni ya Burundi."

Akaweka kidole kwenye ile anwani. Bujumbura. Eufrazia aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko wake bora. Alidhani ni mahali ukurasa ulipochapishwa tu, kama vile daftari lake lilivyoandikwa nyuma jina la kiwanda cha Dar es Salaam. Mtu anayesoma kila kitu alikuwa amelisoma na hilo, akalipita. Jumapili tatu, pombe mara mbili, wazee wanane waliovaa vizuri, na vyote vilikuwa vya nchi ya watu.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Keshokutwa uje," Kazimili alisema. "Shauri likiitwa, usimame, useme unapinga, na useme kwa nini."

"Halafu?"

"Basi. Ukipenda, andika barua, hata ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili."

"Na wakili?"

"Hapa si lazima, mama. Watu wengi huja wenyewe."

Eufrazia alimtazama kijana wa watu kana kwamba ndiye aliyemwibia mwezi mzima. "Na hayo yameandikwa wapi?" aliuliza. "Niambie mwanangu, yameandikwa wapi?"

Kazimili akaenda mlangoni, akaufunga ule mlango wa ofisi ambao saa za kazi hukaa wazi, umeegemezwa ukutani. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na bango. Lilikuwa la Kiswahili, herufi kubwa, limeeleza utaratibu wa mirathi toka mwanzo hadi mwisho, na pingamizi lilikuwa na mistari yake minne. Eufrazia alilisoma lote akiwa amesimama, tena bila haraka, huku watu waliokuwa nje wakigonga wakidhani ofisi imefungwa. Alipomaliza alichukua karatasi na daftari lake, akaaga. Njia nzima hakumjibu dereva wa bodaboda neno, maana angefungua kinywa angemtukana, na kijana hakuwa amemkosea kitu.

Hakuwa na ujasiri wa kuwaambia wazee. Alikusudia kwenda peke yake kimya kimya na barua yake. Lakini asubuhi ya tarehe ishirini na tatu alimkuta Ndizeye ameshafika, koti limepigwa pasi, amekaa benchi la mbele kama mtu aliyealikwa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, na pembeni yake wazee wawili wa baraza la mahakama. Anatory alisimama, akatoa cheti cha kifo, akatoa na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza, wajumbe kumi na wawili. Hakimu alimuuliza Eufrazia ana lipi.

"Napinga, Mheshimiwa. Mimi ndiye mke wake. Sijawahi kuitwa kwenye kikao chochote."

"Jina lako limo humu. Ni la tatu. Na sahihi ipo."

Aliletewa karatasi akaitazama. Mtu alikuwa amemwandikia jina lake kwa mwandiko wa kulalia kushoto, na alikuwa amekosea hata jina la baba yake.

"Si yangu, Mheshimiwa."

"Ni maneno ya mjane, Mheshimiwa," Anatory alisema kwa upole. "Ana uchungu. Alisaini, amesahau."

Eufrazia aliona jinsi upole ule ulivyokuwa unafanya kazi, jinsi mzee mmoja wa baraza alivyotikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomhurumia mgonjwa anayesema ovyo. Nyumba yake, kahawa yake, kitanda alichomuuguzia mume wake, vyote vilikuwa juu ya meza ile, na yeye alikuwa na mdomo tu.

"Mheshimiwa," Ndizeye alisema, akasimama bila kuitwa. "Kuna karatasi yetu."

Eufrazia alitamani ardhi ipasuke. Lakini karatasi alikuwa nayo kwenye mkoba, mzee amenyoosha mkono, mahakama nzima inatazama. Akaitoa. Hakimu aliisoma kichwa, akainua macho.

"Baraza la Wazee Wapatanishi wa Kilima. Hiki ni chombo gani?"

"Ni kosa langu, Mheshimiwa," Eufrazia alisema. "Nilitafuta sheria nikaipata isiyo yetu. Naomba uirudishe tu."

Hakimu hakuirudisha. Alikuwa ameigeuza ubavu, anasoma maneno yaliyobanwa pembeni. Aliyasoma, akauchukua muhtasari wa Anatory, akaviweka sambamba.

"Mzee Ndizeye ni nani?"

Mzee aliapishwa. Hakimu alimuuliza kama alihudhuria kikao cha ukoo cha tarehe iliyotajwa. Akasema hapana, na hakuna kilichokaa. Hakimu akamwonyesha muhtasari: jina lake lilikuwa la kwanza, na mbele yake alama ya dole gumba.

Ndizeye alivaa miwani. Akainama juu ya lile dole.

"Mheshimiwa," alisema, "nimefundisha katekisimu miaka thelathini na moja. Ninaandika. Watu wa hapa nimewafundisha kuandika, wao na baba zao. Huyu aliyeniwekea dole gumba..." Akageuka akamtazama Anatory. "Mtoto wa ndugu yangu. Umeniandika mjinga."

Watu walicheka nyuma, hakimu akawanyamazisha. Anatory hakuwa na upole tena usoni. Alisema ni mtu aliyemsaidia kuandika aliyekosea, halafu akasema wazee wengi husahau, halafu akaketi kabla hajaambiwa. Wiki moja baadaye uamuzi ulisomwa: ombi lake limekataliwa, na Eufrazia ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mume wake. Alimpigia Happyness simu akiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Walilia wote wawili, na kichanga kikawasaidia.

Ingekuwa vyema kumwacha pale na furaha yake. Lakini furaha yenyewe ilikuwa na mchanga ndani. Kila alipoikumbuka, alikumbuka kwamba ameokolewa na kinyongo cha mzee na sheria ya nchi nyingine, na kwamba Ndizeye angekuwa na roho nyepesi kidogo tu, sasa hivi yule mtu wa mjini angekuwa anachimba msingi bondeni. Hiyo si haki, ni bahati. Jumapili iliyofuata alitoka kanisani moja kwa moja kwenda kwa mzee, amwambie ukweli wote, lile baraza livunjwe kabla halijamponza mtu.

Alikuta kikao kinaendelea. Wazee wote wanane, koti na kofia, na kwenye mkeka mbele yao watu sita wanangojea zamu. Habari za mahakamani zilikuwa zimesambaa: karatasi ya kilima imemshinda Anatory na muhtasari wake. Wa kwanza kwenye mkeka alikuwa Josiane, kijana bado, aliyefiwa na mume mwezi wa kwanza, na pembeni yake kibuyu cha pombe aliyoipika kama alivyoelekezwa.

"Baba mkubwa, naomba kusema," Eufrazia alisema. "Hii sheria si ya kwetu. Ni ya Burundi. Karani amenionyesha."

Wazee walitazamana. Ndizeye hakushtuka.

"Ya kwetu inasemaje?" aliuliza.

"Ni ya Kiingereza, baba mkubwa."

"Umeisoma?"

"Sikuielewa."

"Basi kaa, mkaza mwanangu, utusomee hii," alisema Ndizeye. "Nina miaka sabini na sita. Ndiyo sheria pekee niliyowahi kusomewa nikaielewa."

Hakusema kwa utani. Eufrazia alisimama pale amekasirika, na kibaya zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kisha akamwona Josiane. Josiane alikuwa ameshika mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne, na kwa jinsi ilivyokunjwa Eufrazia aliijua bila kuifungua. Lilikuwa tangazo, limebanduliwa kwenye ubao wa kata.

"Tarehe yako ni lini?" alimuuliza.

"Alhamisi, mama."

"Alhamisi hii?"

"Ndiyo. Wazee wamesema wataniandikia karatasi Jumapili ijayo."

Eufrazia alimshika mkono akamnyanyua kutoka kwenye mkeka, kibuyu kikabaki pale pale. "Kesho asubuhi tunapeleka barua yako mahakamani, wewe na mimi," alisema. "Leo nitakuonyesha utakachosema. Ni mistari minne." Wakapita katikati ya wazee, huku nyuma Ndizeye akilalamika kwamba kikao hakijafungwa, na kwamba hakuna aliyempa ruhusa ya kuondoka na mlalamikaji.